Usiku Tuliolala Najjembe

Aprili 2007 nilikuwa utingo wa lori la kontena, Mombasa hadi Kampala. Dereva wangu, mzee wa Likoni, hakuupenda kabisa msitu wa Mabira. Barabara ya Jinja inaupasua katikati, na akiingia humo alikuwa anapandisha vioo, hasemi neno, hasimami hata kwa haja ndogo. Madereva walikuwa na visa vyao vya majambazi na ajali za Mabira, vingine vya kweli, vingine vya kuulia muda foleni ya mpakani Malaba.

Alhamisi ile ya tarehe 12 hatukuwa na hiari. Kufika Najjembe, sokoni katikati ya msitu, tukakuta malori yamejipanga pembeni. Kampala kumechafuka, tukaambiwa. Watu walikuwa wameandamana kupinga mpango wa serikali wa kukipa kiwanda cha sukari cha Lugazi, mali ya familia yenye asili ya Kihindi, hekta kama 7,100 za Mabira, karibu robo ya msitu mzima, zipandwe miwa. Maandamano yakageuka ghasia, Wahindi wasio na hatia wakashambuliwa, watu wakafa. Hilo sikulielewa siku ile, na hata leo silielewi: mti wa Mabira unatetewaje kwa kumpiga mpita njia?

Wachuuzi wa Najjembe kwa kawaida hulivamia gari kabla halijasimama, wamevaa makoti yenye namba, mikononi kuku wa kuchoma kwenye vijiti na gonja, yaani ndizi za kuchoma, za moto. Siku hiyo mabasi yalikuwa machache, kuku wanapoa, bei zikashuka zenyewe. Tuliketi kwa mama mmoja aliyekuwa akigeuza gonja kwa vidole vitupu, palipoungua anapakwangua kwa kisu kilicholika hadi kikabaki wembamba wa kalamu. Alituonyesha ujumbe kwenye simu yake, ule uliokuwa ukizunguka nchi nzima: msinunue sukari ya Lugazi.

Mzee akamchokoza. "Mama, mnaulilia msitu, na moto huu mnauwasha na nini?"

"Kuni za humo humo, ssebo. Tunaokota zilizoanguka. Wakipanda miwa nitaokota nini?"

Sidhani kila kuni ya Najjembe ilianguka yenyewe, lakini jibu lilimnyamazisha mzee. Kisha mama akasema, bila kuulizwa, kwamba mumewe ni mkata miwa kule Lugazi, na anautaka mpango upite, maana miwa ikiongezeka na kazi itaongezeka. "Nyumbani hatuigusi habari hiyo. Tukiigusa, hatuli."

Mzee alilala ndani ya kabini, milango imefungwa. Mimi nilitandika mkeka chini ya trela. Alfajiri niliamshwa na hondohondo waliopita juu ya miti. Mbawa zao zina kishindo, unaweza kudhani kuna mtu anakung'uta turubai.

Asubuhi huyo mume akaja, panga kwapani, akielekea kazini. Alitaka lifti hadi Lugazi. Mzee, ambaye kwa kawaida hambebi mtu ndani ya Mabira, akamfungulia mlango. Njiani hakuuliza habari za Kampala hata kidogo.

"Huko kwenu Mombasa," alisema, "mkata miwa analipwa kwa siku au kwa tani?"

Mzee akamwambia Mombasa hakuna miwa, kuna minazi. Yule bwana akacheka mpaka Lugazi.