Siku moja kwenye maabara ya maziwa, Tanga

Saa 11:20 alfajiri. Lori la Muheza limeshafika getini. "Dada Maabara, leo usinirudishe!" dereva anapiga kelele. Nachanganya maziwa na spiriti kiasi sawa kwenye glasi. Yangefanya vidonge ningejua yameanza kuchacha, yangerudi alikotoka nayo. Yameteleza safi. Laktomita, kipimo cha uzito wa maziwa ukilinganishwa na maji, inasoma 1.029, hakuna aliyeongeza maji.

Saa 2. Chai na mihogo, nimesimama.

Saa 3:30. Biokemia niliyosomea chuoni, yaani kemia ya viumbe hai, inalipwa saa hizi. Maziwa yaliyopashwa nyuzi 72 kwa sekunde 15 ili kuua vijidudu, ukiyatazama tu huwezi kuyatofautisha na mabichi, kwa hiyo tunatafuta kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) kiitwacho fosfatesi. Maziwa mabichi yote ya ng'ombe yanacho, na uvumilivu wake wa joto unawazidi kidogo tu bakteria wa kifua kikuu. Kikifa chenyewe, wao wameshatangulia. Naweka kitendanishi, yaani kemikali ya kupimia, kisicho na rangi, tyubu zinaingia kwenye maji ya nyuzi 37, nasubiri saa mbili. Ikitokea njano, kimeng'enya kiko hai, yaani kuna maziwa ambayo hayajapashwa vya kutosha.

Saa 5:40. Tyubu ya tatu nimeishika mbele ya karatasi nyeupe mara mbili, nikaipeleka na dirishani. Ni njano, hafifu, lakini njano. Nimezuia tangi zima. Fundi kaninunia, mpaka alipofungua mtambo wa kupashia maziwa akakuta mpira wa kati ya bamba mbili umechoka, maziwa mabichi yanapenya kwenye yaliyopashwa. Hatukusemeshana tena hadi chakula.

Saa 8. Binti wa fildi, mwaka wa pili, kaniuliza, "Dada, hii kozi ina ajira kweli?" Sikumpambia maneno. Hospitali moja ilinikataa kwa sababu ilitaka mtu aliyesomea maabara za afya na kusajiliwa, jambo ambalo ningependa kulijua nikiwa kidato cha sita. Wenzangu wa darasani wametawanyika. Mmoja anapima vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, mwingine anapima sumukuvu kwenye mahindi, yupo anayefundisha kemia sekondari. Anayeuza vitendanishi ndiye pekee mwenye gari.

Saa 11 jioni. Koti jeupe halijatua msumarini, shangazi kapiga. Mjukuu ana homa, nimtajie dawa.

"Shangazi, mimi si daktari."

"Sasa miaka yote ile chuoni walikufundisha nini?"

Nimemwambia ampeleke zahanati, na yale maziwa ya jirani ayachemshe kwanza.