Namna ninavyochagua fremu ya baiskeli ya kushukia milima

Anayeijenga baiskeli ya kushukia milima kipande kwa kipande hugundua mapema kwamba karibu kila kitu kina dawa yake baadaye. Breki dhaifu hubadilishwa, usukani mpana kupita kiasi hukatwa kwa msumeno, tairi huisha zenyewe, na shokapu isiyoridhisha hupelekwa kwa fundi ikafunguliwa na kupangwa upya. Fremu haina dawa ya namna hiyo. Pembe ambayo foku, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, itasimama nayo, urefu wa sehemu ya mbele na ya nyuma, na njia ambayo gurudumu la nyuma litaifuata linapogonga jiwe, vyote vimekwisha kuamuliwa kiwandani, na mnunuzi huvichukua vilivyo. Ndiyo maana mimi huipima fremu kwa yale nisiyoweza kuyabadilisha, na mengine yote, pamoja na rangi, uzito na jina lililoandikwa ubavuni, nayaacha mwisho.

Kabla ya vipimo kuna suala la kama fremu ya mteremko mtupu inahitajika hata kidogo. Fremu ya aina hiyo humruhusu gurudumu la nyuma lipande kiasi cha milimita 200, na hutengenezwa kubeba foku yenye vishikio viwili, kimoja chini na kimoja juu ya bomba la usukani, kama ya pikipiki. Bomba la siti limefupishwa kiasi kwamba siti haipandi hadi kimo cha kumwezesha mtu kukanyaga pedeli kwa raha, hivyo asiye na lifti wala gari la kumfikisha kileleni atakuwa akiisukuma kwa mikono. Kwa mtu huyo fremu yenye mwendo, yaani upandaji wa gurudumu la nyuma, wa milimita 160 au 170 ina maana zaidi, mradi asiitwike mzigo isioundiwa: watengenezaji wengi hukataza kufunga foku ya vishikio viwili kwenye fremu hizo, kwa kuwa foku hiyo ni ndefu na ngumu zaidi, na pigo lote la mbele huishia kwenye maungio ya bomba la usukani. Fremu nyingi huwa na kibandiko kidogo chenye namba ya daraja kwa mujibu wa ASTM F2043, kiwango cha Marekani kinachopanga baiskeli kwa matumizi yake. Daraja la 5 ndilo la kushuka kwa kasi na kuruka. Daraja la 3 au la 4 si ruhusa ya kufanya hayo, hata muuzaji akiapa.

Tukiingia kwenye vipimo, cha kwanza ninachokitafuta katika jedwali la vipimo la mtengenezaji ni kile ambacho wenyewe hukiita richi, yaani umbali wa mlalo kutoka usawa wa ekseli ya krenki, ile mikono inayobeba pedeli, hadi katikati ya mdomo wa juu wa bomba la usukani. Mwendeshaji wa mteremko husimama juu ya pedeli karibu muda wote, kwa hiyo urefu wa bomba la siti, ambao zamani ndio uliotumika kutaja saizi, haumwambii jambo la maana. Mtu wa kimo cha sentimita 175 hadi 180 mara nyingi huangukia kati ya milimita 440 na 470. Lakini richi haisomwi peke yake. Inasomwa pamoja na staki, ambayo ni kimo cha mdomo huo huo juu ya usawa wa krenki, kwa sababu usukani unapopandishwa hurudi nyuma pia. Kwenye fremu ambayo foku yake imelala kwa pembe ya digrii 63, spesa, yaani pete inayowekwa chini ya usukani, ya milimita 10 huinua usukani karibu milimita 9 na kuurudisha nyuma milimita 4 na nusu. Maana yake ni kwamba fremu mbili zenye richi ya milimita 460, moja ikiwa na staki pungufu kwa milimita 20, si fremu za urefu mmoja: ukiisawazisha ile fupi kwa spesa, utakuwa umepoteza kiasi cha milimita 10 za richi uliyodhani umeinunua. Majedwali hayaelezi jambo hili, na wauzaji wengi hawalijui.

Pembe ya foku yenyewe siku hizi iko kati ya digrii 62 na 64 kwa fremu nyingi za mteremko. Pembe iliyolala huisogeza gurudumu ya mbele mbali na mwili, na hapo mwendeshaji hupata uthubutu wa kushuka penye ukuta bila hofu ya kupinduka. Gharama yake huonekana kwenye kona pana na tambarare, ambapo gurudumu hilo lililo mbali hukosa uzito na kuteleza. Wengi hulaumu tairi. Mimi kwanza hutazama urefu wa sehemu ya nyuma, kutoka ekseli ya krenki hadi ekseli ya gurudumu la nyuma, kisha hupiga hesabu ndogo. Chukulia mzigo wote umesimama juu ya krenki. Fremu yenye milimita 440 nyuma na 780 mbele ya krenki huipa gurudumu la mbele asilimia 36 ya uzito. Mtengenezaji akiikuza fremu hiyo hiyo kwa mtu mrefu, mbele ikawa 860 na nyuma ikabaki 440, fungu la mbele hushuka hadi chini kidogo ya asilimia 34. Mtu mrefu basi hulazimika kuinamia usukani kila kona ili afidie kilichopunguzwa na mchoraji, na mikono yake huchoka kabla hajafika chini. Watengenezaji kadhaa sasa hurefusha sehemu ya nyuma kadiri saizi inavyopanda, na kwa maoni yangu hiyo ni sababu nzuri ya kuchagua fremu kuliko gramu 300 za uzito.

Anayejikuta kati ya saizi mbili aangalie njia anazoshuka. Njia ya kasi iliyonyooka, yenye mawe, hutaka fremu ndefu. Yenye kona za kukunja na kuruka kwingi hutaka fupi. Sioni sababu ya kulifanya jambo hilo gumu zaidi ya hapo.

Ukubwa wa magurudumu nao umefungwa ndani ya fremu. Kwa miaka mingi mashindano ya kushuka yalikwenda kwa inchi 26, kisha zikaja 27.5. Aprili 2017, huko Lourdes nchini Ufaransa, timu ya kampuni ya baiskeli ya Santa Cruz ilifika kwenye Kombe la Dunia la mbio za kushuka na baiskeli za inchi 29, na wapinzani wakalalamika. Juni mwaka huo huo Greg Minnaar wa timu hiyo akashinda Fort William, Scotland, akiwa juu ya magurudumu hayo. Mwaka 2019 chama cha kimataifa cha baiskeli, UCI, kiliruhusu magurudumu ya saizi mbili tofauti kwenye baiskeli moja, na Mfaransa Loïc Bruni akatwaa ubingwa wa dunia mwaka huo Mont-Sainte-Anne, Kanada, akiwa na 29 mbele na 27.5 nyuma. Mchanganyiko huo una mantiki yake: gurudumu kubwa la mbele hupita juu ya mashimo kwa wepesi, na dogo la nyuma huacha nafasi ya makalio pale mwendeshaji anaporudi nyuma kabisa kwenye mteremko mkali. Mfupi wa miguu ataithamini nafasi hiyo kuliko yeyote. Fremu za inchi 26 huuzwa kwa bei ya kuvutia, ila tairi nzuri za mteremko za saizi hiyo zinazidi kuadimika, na fremu yenyewe haitapokea gurudumu kubwa zaidi kwa usalama.

Sehemu inayostahili muda mwingi kuliko zote ni ule mfumo wa maegemeo, yaani viungo vinavyozunguka, unaoliunganisha gurudumu la nyuma na shokapu. Shokapu ya milimita 75 inayobeba mwendo wa milimita 200 ina uwiano wa wastani wa 2.67, ila wastani huficha mambo. Fremu inaweza kuanza na 3.0 na kuishia 2.3, yaani mwanzoni shokapu ikijikunja milimita 10 gurudumu hupanda 30, na mwishoni hupanda 23 tu. Kushuka huko kwa uwiano hufanya mwanzo uwe laini juu ya vijiwe na mwisho uwe mgumu wakati wa kutua kutoka juu. Fremu ambayo uwiano wake haubadiliki sana, ikifungwa shokapu ya springi ya chuma, itagonga mwisho kila ukiruka. Hiyo huhitaji shokapu ya hewa, ambayo yenyewe hukazana kadiri inavyobanwa. Mtengenezaji asipochapisha takwimu hizo, zinapatikana bila kumwomba: toa springi, iache shokapu tupu, iinue gurudumu taratibu huku msaidizi akipima kila milimita 10 za shokapu, na uandike gurudumu lilivyopanda. Rula, penseli na uvumilivu vinatosha. Ukimaliza utajua kuhusu fremu hiyo zaidi ya alivyotaka kukuambia aliyeandika tangazo lake.

Njia ya gurudumu nayo ni muhimu. Kwenye fremu ambayo egemeo kuu liko juu, gurudumu likigonga jiwe hurudi nyuma huku likipanda, hivyo pigo hupita bila kuikwamisha baiskeli. Kwa kuwa urudi huo huivuta cheni, fremu za namna hiyo huongezewa kigurudumu cha meno karibu na egemeo cha kuiongoza cheni juu. Kigurudumu hicho hutaka kusafishwa na kupakwa mafuta mara kwa mara, hupiga kelele kikichakaa, na hula nguvu kidogo ya miguu. Kwenye njia ya mawe mfululizo naona faida inazidi usumbufu. Kwenye njia laini iliyochongwa kwa mashine, yenye kona za kuinuka na majukwaa ya kurukia, baiskeli inayorefuka nyuma kila inapobanwa huhisi nzito kuinua, na egemeo la kawaida hutosha. Jambo la kuuliza pamoja na hilo ni tabia ya fremu wakati wa breki ya nyuma: nyingine huketi chini na kukakamaa, nyingine huendelea kufuata ardhi huku pua ikiinama. Ya kwanza humtuliza mwendeshaji penye mteremko mkali lakini hupoteza mshiko kwenye matuta yanayochimbwa njiani na wanaofunga breki. Mimi huchagua ya pili, ingawa najua waendeshaji wazuri wasiokubaliana nami.

Kuhusu mali ghafi sina mengi. Kaboni hupunguza uzito na humpa mchoraji uhuru wa maumbo. Alumini ni nafuu na huvumilia kutupwa juu ya gari. Tofauti kubwa huja baada ya ajali. Fremu ya alumini ya aina ya 6061, baada ya kuchomelewa kiwandani, hupashwa joto la zaidi ya digrii 500, ikapozwa ghafla, kisha ikaokwa kwa saa kadhaa kwenye joto la chini ili irudishe ugumu wake. Ufa unaochomelewa baadaye kwenye karakana ya kawaida hauna tanuri hiyo, na chuma kilicho kando ya kiungo hubaki laini. Kwa hiyo fremu ya alumini iliyochomelewa upya karibu na bomba la usukani siinunui kwa bei yoyote. Kaboni iliyopasuka, kinyume na wanavyodhani wengi, hutengenezeka kwa tabaka mpya ikiwa mikononi mwa anayejua kazi hiyo.

Fremu iliyotumika huikagua ikiwa imefuliwa na kukauka, shokapu ikiwa imetolewa. Nikilishika gurudumu la nyuma na kulipandisha kwa mkono, linapaswa kwenda kimya hadi juu na kushuka kwa uzito wake lenyewe. Likikwama au likisaga, beringi zimekwisha. Kisha hulisukuma kushoto na kulia huku kidole kimewekwa kwenye mshono wa kila egemeo, kwa sababu mchezo wa nusu milimita hauonekani kwa macho lakini kidole huuhisi. Tochi huelekezwa kwa ubavu chini ya bomba la usukani, penye kishikio cha shokapu, na nyuma ya krenki; mstari mwembamba kwenye rangi nikiukwaruza kwa ukucha na ukaunasa, ninaingiwa na shaka. Kwenye kaboni hugongagonga kwa sarafu sehemu ya chini inayopigwa na mawe, nikisikiliza mahali sauti kali inapogeuka kuwa butu.

Yanabaki maungio ya vipuri, ambayo huamua ni kiasi gani cha vitu ulivyonavyo kitatumika. Fremu nyingi za mteremko huchukua habu ya nyuma ya upana wa milimita 157 na nyumba ya krenki ya milimita 83, lakini za zamani zina habu ya 150, na mpya kadhaa zimehamia 148. Shokapu za zamani zilipimwa kwa inchi, na mpya hazitaingia. Kipande kinachoshikilia gia ya nyuma nacho hupinda kila baiskeli ikianguka upande huo, hivyo fremu inayokubali kile cha aina moja kwa fremu za watengenezaji mbalimbali, ambacho kampuni ya vipuri ya SRAM ilikitoa mwaka 2019, huokoa hekaheka za kukisaka. Beringi za maegemeo mara nyingi zina namba za kawaida, kama 6902, na huuzwa popote panapouzwa beringi za mashine. Boliti na ekseli za maegemeo ndizo zisizo na mbadala, kwa hiyo kabla ya kulipa mimi humwandikia mtengenezaji kuuliza kama bado anazo za mwaka wa fremu ile, na jibu likiwa hapana, natafuta fremu nyingine.