Kabla ya kununua mashine, jifunze kamba na sahani

Anayetaka kuwa mtafiti wa maziwa huku Arusha aanzie Ziwa Duluti, pale Tengeru, na asikimbilie mashine. Atafute sahani ya Secchi, ya kupimia uangavu wa maji: ya bati, sentimita 20, robo mbili nyeusi na mbili nyeupe kwa kupishana, yenye uzito chini yake. Kamba iwe isiyovutika, yenye alama kila sentimita 10. Ya nailoni ikilowa hurefuka na kukuharibia vipimo vyote.

Pima kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, upande wa kivuli wa mtumbwi, bila miwani ya jua. Shusha mpaka sahani ipotee, andika. Vuta polepole mpaka ionekane tena, andika. Wastani wake ndio uangavu wa maji siku hiyo.

Oksijeni ndiyo huwasumbua wengi. Duluti iko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Maji ya nyuzi 24 yakishiba oksijeni yanabeba kama miligramu 7.2 kwa lita, wakati pwani ni 8.4. Mita ya oksijeni iliyorekebishwa kana kwamba iko Tanga itakuonyesha ziwa lenye afya kuliko lilivyo. Ihakiki kwa njia ya Winkler, ya kupima oksijeni kwa kemikali: jaza chupa ya mililita 300 kwa mpira unaofika chini, uache maji yafurike, maana kiputo kimoja tu kinaharibu sampuli. Tia mililita 2 za manganizi salfeti, kisha mililita 2 za iodaidi yenye alkali. Mashapo yakiwa ya kahawia, oksijeni ipo; yakibaki meupe, hakuna. Na usipime mchana peke yake. Mwani hutoa oksijeni juani na kuila usiku kucha, ndiyo maana samaki hufa alfajiri.

Uongozi wa mtafiti unajengwa juu ya daftari la vipimo kama hivi. David Schindler, aliyeongoza utafiti wa maziwa ya majaribio Kanada kuanzia 1968, aligawa ziwa moja kwa pazia na kutia fosforasi upande mmoja tu. Upande huo ukageuka kijani kwa mwani, na picha yake ikasaidia kubana fosfeti, yaani misombo ya fosforasi, kwenye sabuni za kufulia. Ripoti nene isingefika huko.

Kwetu mjadala huishia kwenye Bodi ya Maji Bonde la Pangani, Moshi, na mara nyingi ni juu ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, ambamo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kudhuru mazingira. Kila mtu anazitaja. Ugomvi ni zianzie wapi, kwa sababu ufukwe wa Februari si ule wa Mei, mwishoni mwa masika. Simika rula ya chuma majini ya kupimia kimo cha maji, isomwe kila siku saa ileile, na sifuri yake ipimwe kutoka kwenye alama ya zege nchi kavu. Rula ikigongwa na mtumbwi bila alama hiyo, rekodi ya miaka yote haina pa kushikia, na mwenye shamba la nyanya atashinda hoja.