Waya wa Breki na Fundichuma

Kamera niliachiwa na mjomba, aliyefanya kazi miaka mingi na wapiga mbizi kule Watamu. Nikonos V, ya rangi ya chungwa, nzito kama tofali. Anayeishika mara ya kwanza hutaka kuchungulia kupitia lenzi, asiweze. Umbali unaukadiria kwa jicho, unauweka kwa kifundo kilicho ubavuni mwa lenzi, mwanga kwa kifundo cha upande wa pili, na vimshale vyekundu vinajongea kukuonyesha toka wapi hadi wapi picha itakuwa kali. Walianza kuitengeneza mwaka wa 1984, kwa ajili ya bahari. Mimi mwaka wa 2006 nilikuwa nayo Kisumu, kando ya ziwa ambalo ukizamisha mkono hadi kiwiko vidole huvioni tena.

Nikaona basi nisiizamishe. Nitaitega kwenye tope la Dunga, maji yakiipiga mbavu, imngojee fundichuma. Huyo ndege, mwenye kichwa kama nyundo, alikuwa na mahali pake pembeni mwa mafunjo. Kila asubuhi anashuka palepale, anavuruga matope kwa mguu, anadona vyura. Lakini ukimkaribia hatua ishirini tu, ameruka. Na lenzi yangu ya milimita 35 haikuwa na faida yoyote kwa ndege aliye mbali zaidi ya mita moja na nusu.

Kitufe cha kufyatulia hakikuwa na tundu la kuchomekea waya wa kufyatua kutoka mbali. Nikaipeleka Kibuye, kwa mzee mmoja wa jua kali aliyekuwa akirekebisha honi za matatu.

"Omera, hii ni redio?" aliuliza.

Nilipomweleza, akainyamazia kwa muda, akibonyeza kitufe kwa kidole gumba, akisikiliza. Kisha akakata kipande cha chuma bapa, akakifunga chini ya kamera kwa bolti ya robo inchi, akakipindisha kipande kije juu ya kitufe kama shingo ya bata. Hapo juu akatia wenzo mdogo uliotokana na spoki. Waya wa breki ukiuvuta wenzo, wenzo unagandamiza kitufe. Waya wenyewe ulitoka kwenye baiskeli ya michezo, kwa sababu Black Mamba zetu za boda boda breki zake ni za vyuma, hazina waya.

Niliwazia tuunge waya wa breki hadi ufike mita 20. Mzee alicheka. Waya mrefu hivyo, alisema, utavuta ganda lake mwenyewe kabla haujavuta kitu kingine. Akaleta mota ya kufungia mlango wa gari, ile inayoruka "tak!" ukibonyeza, ndiyo iuvute waya mfupi wa breki. Tukaifungia ndani ya mkebe wa Kimbo, betri ya pikipiki nikabaki nayo mimi mwisho wa waya wa kengele, na swichi ya mlangoni mkononi. Tulipojaribu kibandani kwa waya wa mita 2, ilifyatua kama bastola. Tulipotandaza mita 20 barabarani, mota ilikohoa tu.

Mimi nilikuwa tayari kulaumu betri. Yeye hata hakuigusa. "Umeme umekula barabara yote, umefika umechoka," alisema, na akaenda kuchukua rilei ya honi, swichi inayoamshwa na umeme kidogo ipitishe umeme mwingi. Betri ikahamia mkebeni pamoja na mota, waya mnene wa shubiri moja kati yao, na ule mwembamba mrefu ukabaki na kazi ya kuamsha rilei peke yake, kazi ambayo umeme kidogo unaitosha. Tundu la waya tuliziba kwa nta ya mshumaa na ukanda wa tyubu. Hadi leo nikiona honi inalia vizuri namkumbuka.

Jumamosi alfajiri tulikuwa Dunga, yeye kaja na gambuti zake bila kualikwa. Niliweka kasi ya kufyatua kwenye M90, ambayo haihitaji betri ya kamera, tundu la mwanga f/16, umbali mita moja. Tukajibanza nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa. Yangeyange alitangulia, nikambonyezea kwa pupa. Ikabidi niingie majini tena hadi magotini kuvuta filamu kwa mkono, maana kamera hiyo haijivutii, huku wavuvi wakiniuliza kama nimemsahau kiboko anayelala upande ule.

Fundichuma alikuja jua likiwa limepanda. Alizunguka, akasimama mbele ya kamera, akaitazama. Kidole changu kikaganda. Mzee ndiye aliyeninyang'anya swichi akabonyeza. Tak. Ndege aliruka kama aliyeungua.

Baada ya wiki moja nilimpelekea picha. Ndege alikuwa mzima, nyundo yake yote, tone la maji mdomoni. Mzee hakumtazama. Aliisogeza picha mwangani, akaweka kucha nyeusi kwenye kona ya juu, ambapo kitu chembamba chenye ukungu kilikuwa kimeingia.

"Hii si spoki yangu?"

Ilikuwa spoki yake. Akataka nimtolee nakala kubwa, aibandike kibandani.