Tulivyotenga barabara kabla ya kuuza viwanja Ganda

Shamba la ukoo wetu liko Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi, na kwa miaka mingi tulitegemea minazi, mikorosho na mihogo. Madalali walipoanza kuulizia viwanja vya futi 50 kwa 100, majirani walikata vipande na kuviuza kwa karatasi iliyotiwa saini mbele ya mzee wa kijiji. Nyumba za mawe zikaota kila upande bila njia, hata siku moja nikashuhudia jeneza likipitishwa juu ya ukuta wa mtu.

Ndipo nilipowasihi baba wadogo na shangazi zangu, ambao hati imeandikwa kwa majina yao, tutenge barabara kabla ya kuuza hata kiwanja kimoja. Mpima ardhi mwenye leseni alituchorea njia ya mita 9, na makaburi pamoja na kisima tukaviacha nje ya viwanja.

Ugumu ulikuwa kwenye minazi. Huku Pwani mtu huweza kumiliki mti pasipo kumiliki ardhi, na minazi iliyoangukia njiani ilikuwa ya baba mdogo, ambaye baadhi yake alikuwa ameiweka rehani kwa mgema.

“Mwanangu, barabara hainipi nazi,” aliniambia.

Alikuwa na haki, kwani mnazi unaozaa humpa mwenyewe madafu, nazi, makuti na tembo. Baada ya vikao virefu, ukoo uliafiki kuikomboa rehani na kumfidia kila mti kwa fedha za kiwanja cha kwanza, yakaandikwa, na mgema naye akatia saini.

Kisha tuliomba kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, kwa kuwa kwa mujibu wa sheria ya Kenya ya 1967 ardhi ya kilimo haigawanywi wala haiuzwi bila kibali hicho, na mauzo yasiyo nacho ni batili. Nawasihi sana wanunuzi wakiulizie kabla ya kutoa fedha zao.

Leo tuktuk zinafika mpaka kisimani na bomba la maji limepita kandokando ya njia. Kinachonishughulisha sasa ni vyoo vya shimo, maana kila nyumba mpya huchimba chake na maji ya kisima bado yananywewa. Kwa hiyo katika mikataba iliyobaki tumeweka sharti kwamba choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani.