Siku moja maishani mwangu: fundi anayelipwa kutazama skrini

Ukinipata kazini utanikuta nimekaa, mikono kifuani, natazama maandishi meupe yakipanda kwenye skrini nyeusi. Mteja aliyeketi kando yangu anaona mtu anayelipwa kutazama. Jana nilitazama hivyo kwa muda wa karibu saa tisa, na niliposhuka ngazi usiku nilikuwa hoi kuliko dada yangu anayeuza samaki soko la Kibuye, hapa Kisumu, tangu alfajiri. Yeye angalau watu wanaona kilichomchosha.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Chai, mtoto kwa jirani, maji ya kuoga ya ndoo. Mtaa wetu wa Manyatta huamka kabla yangu kila siku, sijui hulala saa ngapi.

Saa moja na nusu. Chumba chetu kiko ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, hatua chache kutoka barabara ya Oginga Odinga. Mtu wa kwanza kupanda ngazi aliuliza, "Fundi yuko?" Nikamwambia ni mimi. Akachungulia nyuma yangu.

Mpaka saa nne nilikuwa nimefungua printa iliyomeza karatasi, nimeokoa tasnifu ya mwanafunzi kutoka kwenye flashi iliyopinda, na kuwaambia watu wawili kwamba hapa hatufungui simu zilizofungwa.

Saa nne ndipo Daktari alipoingia, kijana wa boda nyuma yake amebeba kompyuta kama anabeba mgonjwa.

Daktari huyu ni wa vitabu, si wa sindano. Anafuatilia magugu maji, yale yanayoziba Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria hadi mashua za ufuo wa Dunga zinakosa njia ya kutokea. Anayapima kwa picha za setilaiti, na programu ya kuzisoma hizo picha ameipata bure, imeandikwa kwa lugha ya C++. Shida ni kwamba toleo analolitaka halimo kwenye ghala la programu la Ubuntu, mfumo unaoendesha kompyuta yake. Lililomo ni la zamani. Kwa hiyo inabidi uchukue msimbo wenyewe, yaani maandishi ya programu, na kuujenga kwenye mashine yako kwa kompaila inayoyageuza kuwa programu, faili baada ya faili. Alijaribu nyumbani. Kompyuta ikaganda, kipanya kikakataa kusogea, akazima kwa kidole.

"Nyara, hii kitu imekufa," akaniambia. Nyara kwa Kijaluo ni binti yangu. "Au ni virusi."

Haikuwa imekufa. Ina prosesa ya nyuzi nane, yaani inashika kazi nane kwa pamoja, na RAM (kumbukumbu) ya GB 8, umri wake kama wa mtoto wangu wa darasa la nne, lakini nzima. Nikamuuliza aliandika amri gani. Akanionyesha kwenye simu: make -j. Basi. Hakuna nambari.

"Kijana mmoja Nairobi aliniambia ukiweka hiyo j inaenda mbio. Kazi ya dakika kumi, alisema."

Ile make ni programu inayosimamia ujenzi, na ile j ni idadi ya kazi zinazoruhusiwa kwenda kwa pamoja. Ukiiacha bila nambari hujasema nane wala kumi. Umesema hakuna kikomo, na make itaanzisha kila faili inayoweza kuanza. Nilimweleza Daktari kwa mtumbwi, kwa sababu mtu wa ziwa humwelezi kwa kitu kingine. Una mtumbwi wa watu wanane, ukapandisha watu mia kwa sababu wote wana haraka ya kufika.

Nikaanza upya kwa make -j8, nikijua itaanguka. Nilitaka kuona inavyoanguka. Baada ya dakika ishirini hivi skrini ikaandika kwamba cc1plus imeuawa. Neno lenyewe ni hilo, Killed. Daktari akaniangalia kama nimemwonyesha ushahidi wa virusi.

"Ameuliwa na nani?"

Na kerneli, moyo wa mfumo wa kompyuta. Hapa watu wengi hulaumu kompaila, wakaifuta na kuiweka upya, wakapoteza siku. Ile g++ unayoiita kwa jina ni mnyapara tu. Mwenye jembe ni cc1plus, na kila faili ina cc1plus wake, na faili ya C++ iliyojaa templeti inaweza kumlisha GB nzima ya RAM au zaidi. Nane kwa pamoja, ukiongeza kivinjari ambacho Daktari alikiacha wazi, hesabu haihitaji kalamu. RAM ikiisha, kerneli haiulizi nani alichelewa kupanda. Humtafuta aliye mzito kuliko wote na kumtupa majini ili wengine wafike. Nikaandika dmesg, amri ya kusoma taarifa za kerneli, nikamwonyesha mstari wenyewe: kumbukumbu imekwisha, cc1plus imeuawa, na uzito wake pale pale.

Akanyamaza kidogo. Kisha: "Sasa itaisha saa ngapi?"

Swali hilo niliulizwa jana mara kumi na moja. Nilikuwa nikichora vijiti kwenye daftari.

Nikafunga kivinjari, nikaweka -j2, nikaongeza faili ya swapu ya GB 4 kwenye diski kama akiba RAM ikijaa. Si dawa. Diski ya mashine hii ni ile ya kuzunguka, na kompaila ikianza kuishi kwenye swapu utasikia diski ikikwaruza kama mtu anaparuza magamba ya samaki ngege, na hakuna kinachosogea. Kijana wetu wa atachimenti, mwanafunzi anayejifunza kazi kwetu, akashauri tununue RAM. Wazo zuri. Nani analipa? Kwenye droo nina vipande vitano, vyote vya laptopu.

Daktari akatoka kupiga simu. Akarudi. "Asilimia ngapi?"

"Ishirini na mbili."

Akatoka. Akarudi. "Asilimia ngapi?"

"Thelathini na moja, Daktari."

"Si ulisema ishirini na mbili dakika tano zilizopita? Basi nusu saa tutakuwa tumemaliza."

Jamani, zile asilimia zinahesabu hatua, hazihesabu dakika. Faili ya mistari kumi ni hatua moja, na faili itakayokutoa jasho ni hatua moja. Nikamweleza. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayevumilia uongo wa fundi, kisha akampigia mtu simu mbele yangu: "Niko hapa mjini kwa msichana wa kompyuta, anasema zile nambari si za kweli."

Msichana wa kompyuta ana miaka 36.

Saa saba kasoro, asilimia 61. Killed.

Nikarudia kwa -j1, kazi moja tu, mtumbwi mzima kwa abiria mmoja. Asilimia 61, faili ile ile, Killed, na swapu imejaa pia. Hapo mwili ulinisisimka, na nakiri ilikuwa kwa furaha, ingawa njaa ilikuwa inaniuma. Mpaka hapo tatizo lilikuwa msongamano, na msongamano huutatui kwa akili, unapunguza watu tu. Sasa ilikuwa wazi kuna abiria mmoja ambaye peke yake anazamisha mtumbwi.

Nikamwacha kijana alinde skrini, nikashuka kwa mama wa chakula. Ugali, omena, sukuma. Dakika kumi na tano. Daktari alikuwa ameketi meza ya pili. Aliuliza kwa nyusi.

Niliporudi nilimwambia make inionyeshe amri kamili ya kila faili, kwa VERBOSE=1. Ile ya faili korofi ilijaza nusu ya skrini, lakini nilikuwa natafuta vitu viwili tu, na vyote vilikuwemo: -O2 na -g. Daktari alikuwa ameiga maelekezo yanayoomba aina ya ujenzi iitwayo RelWithDebInfo, yaani programu iende kasi na wakati huo huo ibebe taarifa zote za kuwindia makosa. Yeye hawindi makosa. Anahesabu magugu.

Kisha nikaifungua faili yenyewe. Haikuandikwa na binadamu. Skripti fulani iliitema: jedwali la maelfu ya safu, majina na nambari, yote yamemiminwa ndani ya mabano kwenye std::map moja, ambayo katika C++ ni orodha ya majina na thamani zake. Kwetu sisi hiyo ni orodha ya duka. Kwa kompaila ni mlolongo mrefu mno wa kuunda na kubomoa vitu, na kwa sababu ya -g juu ya -O2 inabidi ikumbuke kila kigeugeu (jina linaloshika thamani) kiko wapi katika kila hatua ya mlolongo huo. GCC, ndiyo kompaila yetu, ilikuwa imelalamika yenyewe kabla ya kufa, kwa mstari mmoja nilioupita asubuhi bila kuusoma: kikomo cha kufuatilia vigeugeu kimepitwa, najaribu tena bila kufuatilia. Yaani ilikula sahani nzima, ikaambiwa hiyo siyo, ikaanza nyingine.

Nilijikasirikia. Mstari ulikuwepo tangu asubuhi.

Sasa mtu atasema badilisha aina ya ujenzi, uanze upya. Hapana. Ukigusa bendera (chaguo kama hizo -O2 na -g) ndani ya CMake, programu inayoiandalia make maelekezo, make inaona kila faili ya sehemu hiyo imepitwa na wakati, na ile asilimia 61 niliyoitolea jasho inarudi sifuri. Nilinakili ile amri ndefu jinsi ilivyo, nikageuza -g kuwa -g0 na -O2 kuwa -O1, nikaiendesha kwa mkono chini ya /usr/bin/time -v ili nione kilele cha kumbukumbu. Dakika nne. Ikapita. Kilele: GB 2.3. Faili ya .o, yaani zao la kompaila, ikakaa mahali pake, make ikaiona ni mpya, ikapita kama askari aliyeonyeshwa leseni. Nikarudisha -j2.

"Asilimia ngapi?"

"Sitini na mbili."

"Bado?"

Sikumjibu. Nilikunywa maji.

Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri. Joto la Kisumu mchana chini ya bati linakufanya uone nambari mara mbili. Kijana alilala akiwa wima. Mtu alileta laptopu iliyomwagikiwa chai, mwingine alitaka kuchapisha fomu, na kila nilipogeuka Daktari alikuwa amesogeza kiti chake inchi moja karibu na changu. Asilimia 70. 74. Alinisimulia ripoti yake inavyosubiriwa na wafadhili kesho asubuhi. 79. Alinisimulia mara ya pili.

Kisha mawingu yakatoka ziwani, upepo ukapiga madirisha, na kwenye asilimia 88 stima ikapotea.

UPS yetu, kifaa cha akiba ya umeme, ina betri ya kizee. Ilipiga kelele kidogo, ikanyamaza, na kompyuta ikanyamaza nayo. Daktari hakusema kitu. Tulikaa gizani tukisikiliza mvua, na kwa mara ya kwanza siku nzima nilimhurumia, kwa sababu uso wake ulikuwa kama wangu.

Stima ilirudi kiza kikiwa kimeingia. Make iliendelea pale ilipoachia, ikafika asilimia 100, ikaanza kuunganisha faili zote za .o ziwe programu moja, na kiunganishi kikakataa: kuna faili ya .o hakiitambui, imekatika. Hilo nalijua, limeshanitoa machozi mwaka fulani. Stima ikikatika wakati diski haijamaliza kuandika, jina la faili linaweza kubaki na ndani pakawa patupu, baiti sifuri. Make huangalia saa ya faili tu, haifungui kuona kama ndani kuna kitu. Nikatafuta faili zote za .o zenye ukubwa sifuri. Zilikuwa mbili. Nikazifuta, zikajengwa upya, kiunganishi kikapita.

Daktari akaingiza picha yake mwenyewe. Ghuba ikajitokeza, Dunga pale, bandari pale, na magugu yakawaka kijani kibichi kando ya ufuo, kila nukta mita 10 kwa 10. Alivua miwani. Alinionyesha kwa kidole mahali alipojifunza kuogelea akiwa mtoto, sasa nukta zote za kijani.

Kisha akavaa miwani. "Kwa hiyo kompyuta ilikuwa na kosa gani?"

"Haikuwa na kosa."

"Basi nalipia nini, nyara?"

Nikamgeuzia daftari. Kila kazi nimeichorea mstari: mashine, RAM, amri, ilikufa wapi, kilele cha kumbukumbu, dawa. Mstari wake ulikuwa umevuka hadi ukurasa wa pili, pamoja na vijiti kumi na moja pembeni ambavyo, namshukuru Mungu, hakuuliza ni vya nini. Akausoma wote, kwa kidole, kama mwalimu anayesahihisha. Akatoa pochi, akahesabu, akasema nyingine ataleta wafadhili wakituma.

Kijana wa boda akaibeba kompyuta kushuka ngazi. Nikajaza safu ya mwisho, malipo: nusu. Nikafunga mlango, nikaenda kumchukua mtoto.