Oskileta inanguruma? Kapasita zisubiri kwanza

Kama umejitengenezea oskileta ya sintesaiza (ile saketi inayozalisha noti) na inakutolea mngurumo au kimlio ambacho hakitakiwi, naomba kabla hujaanza kurundika kapasita za kuchuja kelele kwenye bodi utafute kwanza hiyo kelele inaingilia wapi, maana kwenye oskileta kuna njia mbili na dawa zake ni tofauti kabisa.

Njia ya kwanza kelele inajichanganya tu na sauti inapotoka. Hii unaijua haraka, ukipanda noti au ukishuka yenyewe iko palepale haibadiliki. Njia ya pili ndo inayotesa watu: kelele inaingia kwenye ile volti inayopanga noti. Hizi oskileta zetu ni volti moja kwa oktavu, yaani volti ikiongezeka moja noti inapanda oktavu nzima, na oktavu ina senti 1200 (vipande vidogo vya kupimia noti), kwa hiyo milivolti moja tu inasogeza noti senti 1.2. Sasa chukulia kuna mtikisiko wa milivolti 10 umefika pale, noti inayumbishwa senti 12 mara 100 kila sekunde, wala huusikii kama mngurumo, unachosikia ni wimbi la msumeno (ile sauti ambayo wimbi lake lina umbo la meno ya msumeno) limekwaruza, limechafuka, na noti za juu ndo mbaya zaidi. Mtu anaishia kubadilisha spika bure.

Ya kwangu ina chipu ya AS3340, ndo oskileta yenyewe, na TL072 mbili, chipu za opampu zenye nusu mbili kila moja, na ilikuwa na zote mbili jamani. Nikachomoa waya wa kibodi, ile ingizo ya volti nikaiunganisha moja kwa moja na graundi, mkwaruzo bado upo. Maana yake kibodi haihusiki. Nikachukua betri mbili za volti 12, zile ndogo za alamu, nikaziunga mfululizo, katikati ndo graundi, hapo unapata volti 12 chanya na 12 hasi safi kabisa (weka fyuzi kila upande tafadhali, hizo betri zikigusana waya unaungua). Sauti ikanyooka palepale! Hicho kipimo nakipenda kuliko vyote kwa sababu hata kama huna oskiloskopu (kile chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme) kinakwambia ukweli.

Basi mchawi alikuwa pawa saplai. Umeme wetu ni Hz 50, ukipita kwenye daraja la dayodi, lile linaloubadilisha kuwa DC, unatoka na mtikisiko wa Hz 100, na hapa ndo naona ushauri mwingi unakosea, unaambiwa weka rizista ya omu 10 na kapasita ya mikrofaradi 10 kwenye mlango wa umeme. Piga hesabu, hiyo inaanza kuchuja kwenye kama Hz 1600, mtikisiko wa Hz 100 unapita kama haujaona kitu. Inasaidia vimlio vya juu vya adapta za kuswichi, sio mngurumo. Dawa ya mngurumo ni regyuleta, chipu inayoshikilia volti isitikisike, nimeweka 7812 (ya volti 12 chanya) na 7912 (ya 12 hasi) na transfoma ya volti 15-0-15. 7812 inataka isipungue volti 14 hivi kwenye ingizo hata pale mtikisiko unaposhuka chini kabisa, ikipungua inapitisha uchafu kama ulivyo. Na miguu ya 7912 haijapangwa kama ya 7812, angalia datashiti kabla hujalehemu, halafu lile bati lake la mgongoni sio graundi kwa hiyo usiyafunge yote mawili kwenye bati moja la kupozea bila kizuizi.

Kikabaki kimlio chembamba. Hicho kilitoka kwenye nusu ya TL072 isiyotumika, miguu ilikuwa inaelea hewani. Unganisha mguu wa 7 na wa 6, wa 5 upeleke graundi, inatulia. Kapasita za nanofaradi 100 kwenye mguu wa 8 na wa 4, karibu na chipu kabisa, hizo weka tu bila kujadili.

Bado kuna kitu kimoja, nikiwasha oskileta mbili na kuzisogeza karibu sana zinashikana, zinakuwa noti moja badala ya kupishana taratibu, na ule upishano ndo utamu wenyewe. Kila msumeno unapojirudisha unavuta umeme kwa ghafla na mwenzake anausikia kupitia waya wa pamoja. Kila moja nimeipa waya wake wa graundi hadi kwenye pawa saplai, sasa hivi zinaachiana vizuri mpaka chini kabisa, za juu bado zinang'ang'aniana kidogo, na hapo ndo nitajaribu kuipa kila bodi regyuleta yake.